Ufugaji samaki Singida: Maji ndiyo yanayokula mtaji

Jioni samaki wanakula vizuri na mfugaji anarudi nyumbani akipiga hesabu za mauzo. Alfajiri anakuta theluthi yao wanaelea, matumbo juu. Neno la kwanza linalotamkwa bwawani ni sumu, kwamba kuna jirani mwenye wivu. La pili ni ugonjwa. Mara nyingi si jirani wala si ugonjwa. Ni maji yenyewe yaliyoishiwa hewa usiku, na kwa mkoa wa Singida suala hili lina uzito kuliko linavyopewa na vitabu vingi vya ufugaji, ambavyo viliandikwa kwa kuangalia mabwawa ya maeneo ya chini na yenye maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi.

Singida ni mkoa wa mvua ya msimu mmoja. Kuanzia Mei hadi Novemba mbingu hukauka, upepo huvuma na jua huchukua maji mengi kuliko yale yaliyoingia. Maziwa ya Singidani na Kindai, yaliyo pembeni kabisa mwa mji wa Singida, hayana mto unaotoa maji kwenda nje. Maji huingia, hukauka, na chumvi hubaki. Kinachotokea katika maziwa hayo kwa miaka mingi hutokea kwa miezi michache tu katika bwawa la mfugaji au tangi la kioo la mfanyabiashara wa samaki wa mapambo. Chumvi na magadi hupanda kidogo kidogo bila mtu kuona, kwa sababu macho hayapimi chumvi.

Mahitaji ya samaki mkoani yanaongezeka, na wapo vijana mjini wanaoangalia biashara ya samaki wa mapambo kwa ajili ya hoteli na ofisi, wakiwamo samaki wa rangi wa baharini. Makundi haya mawili, yaani mfugaji wa perege kijijini na mwenye tangi mjini, huonekana kama watu wa dunia mbili tofauti. Kwa upande wa maji, tatizo lao ni moja.

Tuanze na hewa. Samaki hapumui maji, anapumua oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, na kiasi kinachoyeyuka ni kidogo sana. Katika usawa wa bahari, maji baridi yenye joto la nyuzi 25 yanaweza kushika takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hushuka hadi 7.6. Chumvi nayo hupunguza nafasi: maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa nyuzi 25 zilezile hushika kama miligramu 6.8 tu.

Sasa ongeza mwinuko. Mji wa Singida uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 16 ukilinganisha na Dar es Salaam au Tanga. Hewa nyepesi husukuma oksijeni kidogo ndani ya maji. Kwa hesabu hiyo, maji baridi ya nyuzi 25 yakiwa yamejaa hewa kabisa hapo Singida hubeba kama miligramu 6.9, na maji yenye chumvi ya kiwango cha bahari hubeba takriban 5.6. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho maji hayo hushika yanapopata hewa kutoka angani, kabla samaki hata mmoja hajavuta pumzi.

Mfugaji anayetumia mwongozo wa pwani anaanza safari akiwa na tangi la mafuta lisilojaa. Perege huanza kusumbuka oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3, na hukua vizuri ikiwa juu ya 5. Samaki wengi wa miamba ya baharini hawana uvumilivu huo. Kwa hiyo idadi ya samaki inayowezekana katika tangi la lita 200 mjini Tanga haiwezi kunakiliwa Singida kama ilivyo.

Katika bwawa, mtoaji mkubwa wa oksijeni mchana ni ule ukijani wa maji, yaani mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Jua likiwapo, mimea hiyo hutengeneza oksijeni. Jua likizama, nayo hupumua kama samaki na kuanza kuitumia. Ndiyo maana hatari huja kati ya saa 10 usiku na saa 12 alfajiri. Bwawa lililorutubishwa kupita kiasi kwa mbolea ya kuku, na Singida kuku wa kienyeji hawakosekani, huwa na kijani kizito kinachopendeza mchana na kuua usiku. Siku mbili za mawingu mfululizo hufanya mambo kuwa mabaya zaidi, kwa sababu mimea haijatengeneza oksijeni ya kutosha na chakula kilichobaki chini kinaendelea kuoza.

Hapo ndipo mashudu ya alizeti yanapoingia. Singida ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa alizeti nchini, na mashudu ni chakula cha bei nafuu kinachopatikana karibu na kila mashine ya kukamua. Kuyatumia katika chakula cha samaki ni uamuzi mzuri kiuchumi, hasa yakichanganywa na pumba na dagaa. Lakini mashudu yaliyomwagwa tu majini bila kupimwa huzama, huoza, na uozo huo hula oksijeni ileile ambayo samaki anaihitaji. Chakula rahisi kikitupwa ovyo kinageuka kuwa ghali kuliko chakula cha dukani.

Dalili ziko wazi kwa anayeamka mapema. Samaki hupanda juu na kufungua midomo kwenye uso wa maji, hukusanyika pale maji mapya yanapoingia, na hawakimbii mtu akisogea. Anayefika bwawani saa 3 asubuhi hataona chochote kati ya hivyo, kwani jua limekwisha kuanza kurekebisha hali, isipokuwa wale waliokufa.

Ukubwa wa hasara hauhitaji takwimu za wizara kuonekana. Tuseme mfugaji ana bwawa la mita za mraba 300 na amepandikiza vifaranga 900 kwa Sh200 kila kimoja, sawa na Sh180,000. Tuseme wanafika sokoni samaki 720 wa gramu 250, ambao ni kilo 180. Kama kila kilo ya samaki imekula kilo 1.8 za chakula, amenunua kilo 324, na kwa bei ya mfano ya Sh2,500 hiyo ni Sh810,000. Gharama ni Sh990,000 bila kuhesabu kuchimba bwawa wala jasho lake. Akiuza kilo kwa Sh8,000 anapata Sh1,440,000 na kubaki na Sh450,000.

Sasa theluthi ya samaki hao, yaani 240, wafe usiku mmoja katika mwezi wa mwisho. Mauzo yanashuka hadi Sh960,000. Hakuna faida tena, kuna hasara ya Sh30,000. Jambo la kuuma ni kwamba samaki waliokufa walikuwa wamekwisha kula karibu chakula chao chote. Kifaranga akifa wiki ya kwanza, mfugaji amepoteza Sh200. Samaki akifa mwezi wa saba, amepoteza Sh2,000. Wafugaji wengi hukaa macho vifaranga wanapowasili na kulegea samaki wanapokaribia kuuzwa, wakati hesabu inataka kinyume chake.

Si wafugaji wadogo pekee wanaokumbwa. Januari 2021 sangara wengi walikufa upande wa Uganda katika Ziwa Victoria na Ziwa Kyoga, na mamlaka za nchi hiyo zilitaja upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba kuvuruga maji. Novemba 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kisumu, Kenya, walipoteza samaki kwa wingi, na maelezo yaliyotolewa yakawa yaleyale, maji ya chini yasiyo na hewa kupanda juu. Ikiwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika linaweza kuishiwa hewa mahali fulani kwa siku fulani, bwawa la mita 10 kwa 30 lina kinga gani?

Adui wa pili hufika alasiri, na kwa maji ya Singida huenda ndiye mkubwa zaidi. Huyu ni amonia. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kinachooza huongeza. Amonia huwa katika sura mbili majini: moja haina madhara makubwa, nyingine ni sumu. Kinachoamua ipi itawale ni kipimo cha tindikali na alkali, kinachoandikwa pH, pamoja na joto. Kwa nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na sehemu ya sumu isiyofika asilimia moja ya amonia yote. Kwa pH 8 hufika kama asilimia 5. Kwa pH 9 hupanda hadi zaidi ya theluthi. Maana yake ni kwamba kiasi kilekile cha uchafu ambacho kingevumilika katika bwawa la Mbeya kinaweza kuua katika bwawa lenye maji ya magadi.

Ukijani wa mchana huongeza tatizo, maana mimea ikinyonya hewa ukaa kutoka kwenye maji, pH hupanda, hasa saa 9 hadi saa 11 jioni. Mfugaji anayelisha kwa wingi alasiri anaongeza amonia saa ambayo maji yako tayari kuigeuza kuwa sumu.

Kwa sababu hiyo ushauri wa kumwaga chokaa bwawani kabla ya kupandikiza, unaorudiwa karibu katika kila semina, unapaswa kutazamwa upya. Chokaa ni dawa ya maji na udongo wenye tindikali. Mahali ambapo maji ya kisima tayari yana alkali, chokaa ni kutupa fedha na kusogeza pH upande wa hatari. Udongo wa Singida haufanani kila kijiji, hivyo jibu ni kupima kabla ya kununua mfuko. Vifaa vya kupimia kwa matone au karatasi vinavyobadilika rangi vina gharama ndogo ukilinganisha na hasara ya theluthi ya bwawa, na kikundi cha wafugaji watano kinaweza kushirikiana kifaa kimoja.

Wapo samaki wenye mbinu ya kuishi katika maji ya namna hii, na inafaa wafugaji wawajue. Katika Ziwa Magadi, Kenya, ambako pH hufika karibu 10, kuna perege mdogo ambaye, kama wanasayansi walivyoonyesha mwaka 1989, hatoi amonia bali hutoa urea, kwa sababu amonia isingeweza kumtoka katika maji hayo. Tanzania ina ndugu zake katika Ziwa Natron. Karibu zaidi, kuna perege anayeitwa kitaalamu Oreochromis amphimelas, ambaye makazi yake ni maziwa ya chumvi ya nchi hii: Manyara, Eyasi, Kitangiri na Singida. Hakui mkubwa kama sato, na ndiyo sababu wafugaji hawamtaki. Hata hivyo ni mali ya asili ya mkoa, na kuachia sato wa bwawani waingie katika maziwa hayo, kwa makusudi au kwa mafuriko, ni kumtia hatarini, kwani perege wa aina tofauti huzaliana wao kwa wao na mbegu ya asili hupotea.

Kwa mfugaji ambaye maji yake hayana chumvi nyingi lakini hewa ni shida, kambale ni chaguo lenye akili. Akifikia umri wa kutosha hupanda juu na kuvuta hewa moja kwa moja, hivyo usiku mmoja mbaya haummalizi. Vifaranga wachanga wa kambale bado hawana uwezo huo, na amonia humdhuru kambale kama samaki mwingine.

Kuhusu matangi ya kioo na samaki wa baharini, kuna wazo linalosikika mara kwa mara: kwa kuwa Singidani ina maji ya chumvi, kwa nini mtu asichote hapo badala ya kusafirisha maji ya bahari? Wazo linaeleweka, lakini si sahihi. Maji ya bahari yana mchanganyiko maalumu, chumvi ya kawaida ikifuatana na magneziamu, kalsiamu na madini mengine kwa uwiano usiobadilika sana, na pH yake ni kama 8.1 hadi 8.3. Maji ya ziwa lisilo na njia ya kutoka yana uwiano wake tofauti, na hubadilika kati ya masika na kiangazi. Samaki wa Mombasa au Mafia akitiwa humo hatadumu. Chumvi ya mezani nayo haifai kwa sababu hiyohiyo ya kukosa madini.

Kinachobaki ni chumvi maalumu ya matangi inayouzwa na wafanyabiashara wa samaki wa mapambo, au maji ya bahari kutoka Dar es Salaam, kilomita zipatazo 700. Tangi la lita 200 linahitaji kilo 7 za chumvi kuanzia. Kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki ni gramu 700, yaani zaidi ya kilo 36 kwa mwaka. Mwenye tangi anayeshindwa kuweka gharama hiyo katika bei ya huduma yake ataanza kuahirisha kubadilisha maji, na samaki ndio watakaolipa deni hilo.

Upepo na ukavu wa Singida huleta kosa jingine. Maji ya tangi yakipungua kwa asilimia 10 kwa kukauka, chumvi haijaondoka. Kiwango cha gramu 35 kinakuwa karibu 39. Kinachotakiwa kuongezwa hapo ni maji baridi, si ya chumvi. Na yakiwa ya bomba yenye klorini, yakae wazi siku nzima au zaidi huku yakipulizwa hewa. Maji yaliyotoka moja kwa moja kwenye kisima kirefu yanahitaji kupulizwa vilevile, kwani maji ya ardhini huja yakiwa na oksijeni kidogo.

Tangi jipya lisijazwe samaki siku ya kwanza. Vijidudu vinavyogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa, huchukua takriban wiki nne hadi sita kujijenga katika mchanga, mawe na kichujio. Mteja wa hoteli anataka kuona samaki leo, na muuzaji anataka malipo leo. Mikataba mingi ya aina hii huharibikia hapo. Vijidudu hivyo pia vinahitaji oksijeni, kwa hiyo umeme ukikatika muda mrefu hufa samaki na mtambo wao wa usafi kwa pamoja. Mgao wa mwishoni mwa mwaka 2023 ulipungua baada ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha umeme Februari 2024, lakini nguzo huanguka na transfoma huungua bila mgao. Mashine ndogo ya kupuliza hewa inayotumia betri ni sehemu ya tangi, si anasa.

Wakati wa usafirishaji kuna jambo dogo linaloua samaki wengi mwishoni mwa safari. Mfuko wa plastiki huwekwa maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, kisha hufungwa. Njiani samaki hutoa hewa ukaa, pH hushuka, na amonia iliyokusanyika hubaki katika sura isiyo na sumu kali. Mfuko ukifunguliwa, hewa ukaa hutoka, pH hupanda na amonia ileile hugeuka sumu. Basi linaloingia stendi usiku halijamaliza kazi: mfuko uelee kwanza ndani ya tangi ukiwa umefungwa ili joto lilingane, na ukishafunguliwa samaki wasiachwe humo muda mrefu, wala maji ya mfuko yasimwagwe ndani ya tangi.

Kwa mfanyabiashara anayetaka kuingia katika biashara hii kwa mtaji mdogo, samaki wa Ziwa Tanganyika wana mantiki zaidi kuliko wa baharini. Maji ya ziwa hilo ni baridi lakini ya alkali, pH karibu 9, na samaki wake wa rangi, ambao wengi hawapatikani kokote kwingine duniani, husafirishwa kutoka Kigoma kwenda nje ya nchi. Maji ya visima vyenye alkali, yaliyo kikwazo kwa wengine, kwao yanaweza kufaa baada ya kupimwa. Hawahitaji chumvi ya kununua, na maji yao hushika oksijeni zaidi. Kanuni ya amonia hata hivyo iko palepale, na kwa pH hiyo uchafu hausamehewi. Biashara ya samaki hai pia iko chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, hivyo hatua ya kwanza ni ofisa uvuvi wa wilaya, kabla ya tiketi ya kwenda Kigoma.

Kwa mwenye bwawa, upepo wa Singida unaolaumiwa kwa kukausha maji ndio pia mashine yake ya bure. Bwawa refu lililolazwa kufuata uelekeo wa upepo hupata mawimbi madogo yanayoingiza hewa usiku kucha, wakati bwawa lililozungushiwa migomba na miti pande zote hukosa msaada huo. Mkono ukizamishwa majini na kiganja kikapotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, ukijani umezidi na mbolea isimame. Siku ya mawingu chakula kipunguzwe au kiachwe kabisa. Na samaki wakikutwa wanatweta saa 11 alfajiri, kwanza ni maji mapya au pampu ya umwagiliaji irushe maji ya bwawa juu yarudi humohumo. Ikikosekana pampu, ndoo na watoto wa nyumbani, mpaka jua litoke.